Mzazi aliyepooza, msamaha wa matibabu na msaada wa kisheria: hukumu na utaratibu

SWALI: Sheikh, sisi tuko Izia, Manispaa ya Sumbawanga. Mama yetu ana zaidi ya miaka 70, amepooza upande mmoja, anaogeshwa na kulishwa. Hana cheti cha kuzaliwa. Ndugu zetu wawili wanafanya kazi Dar es Salaam na Mbeya na hawatumi kitu. Tunataka atibiwe bure kama wazee wengine. Mtu mmoja anataka tumpe pesa atutolee barua, mwengine anatwambia tuape kwamba mama hana mtoto. Inafaa? Na bima ya serikali ni halali?

JIBU: Sifa zote njema zinamstahikia Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad. Ama baada ya hayo: kumuombea mama yenu msamaha wa matibabu kunafaa, na msaada wa kisheria wa kufuatilia jambo hilo ni wa bure. Kuapa kwamba hana mtoto ni haramu. Kumlipa huyo mtu wa barua pia hakufai.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 na Sera ya Afya ya 2007 zinawapa matibabu bila malipo wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Masharti ni mawili, na watu wengi hulishika la umri tu. La uwezo huanzia mtaani: mwenyekiti na mtendaji wanaoijua nyumba huandika barua, kisha afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au wa hospitali huipima hali ya mzee. Kwenye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ulizieni kitengo cha ustawi wa jamii kabla ya kupanga foleni ya malipo.

Kukosa cheti cha kuzaliwa kusiwavunje moyo. Angalieni kwanza kitambulisho cha Taifa, kwani kina tarehe ya kuzaliwa. Ikiwa hanacho, huandikwa hati ya kiapo mbele ya hakimu au wakili mwenye mamlaka ya kuapisha. Aliyezaliwa kabla ya Uhuru wa 1961 ameshavuka 60, basi mtu mzima anayekumbuka kwamba mama yenu alikuwa msichana siku bendera ilipopandishwa ni shahidi wa kutosha kwa mwenye insafu. Lakini aseme analolijua. Asitaje tarehe na mwezi asioujua.

Hapo ndipo msaada wa kisheria unapofaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayotumika Tanzania Bara, inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao si mawakili na hawasimami mahakamani kumtetea mtu, lakini wanaruhusiwa kumuelekeza mtu ofisi sahihi, kumueleza haki yake na kumsaidia kuandaa maombi. Hawatozi ada kwa asiyejiweza. Muulizeni afisa maendeleo ya jamii ni nani aliyesajiliwa karibu yenu, na mkimpata takeni kuona cheti chake. Mkikataliwa msamaha, ombeni sababu kwa maandishi, kwa sababu jibu la mdomo dirishani halikatiwi rufaa. (Sisi Zanzibar tuna sheria yetu ya mwaka 2018, na Mfuko wetu wa Huduma za Afya na Pencheni Jamii ni mambo ya huku. Afya si jambo la Muungano, kwa hiyo mkiyasikia haya redioni msiyadai Sumbawanga.)

Ama mtu wa barua, wanavyuoni wamemruhusu aliyedhulumiwa kutoa mali ili kuiokoa haki yake pale asipokuwa na njia nyengine, na dhambi ikabaki kwa mpokeaji. Nyinyi njia mnayo, hivyo ruhusa hiyo haiwahusu. Na kwa sheria ya rushwa ya 2007, mtoaji na mpokeaji wote wana kosa.

Kuhusu watoto: semeni ukweli kwamba mama ana wana wawili wasiomhudumia, na mwachieni afisa apime. Kiapo cha uongo ni katika madhambi makubwa, na msamaha uliopatikana kwa kuficha uwezo humpunguzia fakiri mwengine. Wala hao ndugu zenu hawajasalimika. Katika madhehebu ya Imam Shafi, nafaka ya mzazi fakiri ni wajibu juu ya mtoto mwenye ziada ya mahitaji yake, na mafakihi wameingiza ndani yake gharama za tabibu na dawa, na pia mtumishi ikiwa mzazi hajiwezi kwa uzee au maradhi. Kadhi wa BAKWATA atawanasihi na kuwasuluhisha, ingawa huko Bara hana nguvu ya dola kama kadhi wa Zanzibar.

Suala la mtumishi lisipite hivi hivi. Msamaha na bima hutibu maradhi. Kugeuzwa kitandani usiku ili asitoke vidonda, kuoshwa, kulishwa uji kidogo kidogo, hayo hayamo. Makazi ya wazee ya serikali yapo, kama Fungafunga ya Morogoro na Kolandoto ya Shinyanga, lakini ni mbali na Ufipa na yamewekwa kwa wasio na mtu. Kwa kawaida kazi hiyo huangukia kwa binti mmoja aliyeacha biashara yake, na kaka zake wakaona kwamba ndivyo alivyozaliwa. Si hivyo. Wanalazimika kumlipa msaidizi, au kumfidia huyo dada kwa kile anachokikosa.

Bima: Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilipokutana Jiddah mwaka 1985 iliharamisha bima ya kibiashara kwa sababu ya gharari, ikaihalalisha ya kusaidiana. Msamaha wa wazee si bima hata kidogo, kwani hakuna mkataba wala mchango. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 nayo imeweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo, na miongoni mwa vyanzo vyake ni kodi za vileo na michezo ya kubahatisha. Baadhi ya wazee wanasita kwa hilo. Wasisite. Fedha hizo zimechanganyika na nyenginezo, na Imam Ghazali, kisha Nawawi akamnukuu, wamesema kwamba hata mali ya haramu isiyojulikana mwenyewe hupelekwa kwa mafakiri na maslahi ya umma.

La mwisho ni la haraka. Kama akili ya mama bado ni timamu, aandike sasa uwakala wa kumruhusu mmoja wenu kumfuatilia mambo yake. Kwa fiqhi na kwa sheria ya mikataba ya Tanzania, uwakala huvunjika aliyeutoa akipotewa na akili. Baada ya hapo kumshika kidole na kukibandika kwenye karatasi si ridhaa yake, na itabidi mwende mahakamani ateuliwe msimamizi.

Wallahu a'lam.