Rahisi Mara Mbili

Katika Kiswahili, kitu rahisi ni kile kisichogharimu pesa nyingi, na pia ni kile kisichohitaji ustadi mwingi. Aghalabu maana hizo mbili hupishana. Katika mashua ndogo ya Mirror, iliyozinduliwa Uingereza mwaka 1963, zilikutana.

Mashua ya mbao ya kizamani ilidai mkuku, mataruma yaliyopindwa kwa mvuke, na mbao zilizochongwa moja moja mpaka zikalaliana sawasawa. Hata aliyepata mbao kwa bei nafuu bado alihitaji karakana, pamoja na mikono iliyoizoea kazi hiyo kwa miaka. Gharama kubwa ilikuwa ujuzi.

Gazeti la Daily Mirror, lililosomwa sana na wafanyakazi, lilidhamini mashua ambayo msomaji wake angeweza kuijenga nyumbani. Wazo lilitoka kwa Barry Bucknell, aliyekuwa akifundisha ufundi wa nyumbani kwenye televisheni ya BBC. Jack Holt, msanifu wa mashua, akaliboresha.

Walichagua plaiwudi. Mnunuzi alipata kifurushi cha vipande vilivyokwisha kukatwa. Alivishona kwa vipande vya waya wa shaba, kisha akafunika maungio kwa utepe wa faibaglasi uliolowa rezini. Omo ilikatwa bapa, hivyo hakukuwa na gogo la mbele la kuchonga. Mlingoti nao ulifanywa mfupi, na tanga likainuliwa kwa foromali, ili vyote vitoshe kulazwa ndani ya mashua yenye urefu wa mita 3.3. Bei yake ilikuwa pauni 63 na shilingi 11.

Msomaji wa pwani yetu ataukumbuka mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi. Tofauti ni kwamba kamba ya mtepe ilishikilia mbao muda wote chombo kilipokuwa baharini. Waya wa Mirror ulishika mpaka rezini ilipokauka. Baada ya hapo mzigo ulibebwa na maungio yenyewe.

Kwa hiyo unafuu huu haukutokana na kununua vitu hafifu. Plaiwudi ya kabati hushoneka vilevile, lakini gundi yake ikinywa maji, matabaka hufumuka. Gundi isiyoyeyuka majini ilikuwa na historia yake: wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza walijenga ndege ya kivita ya Mosquito kwa plaiwudi na mbao nyepesi za balsa.

Zaidi ya Mirror 70,000 zimejengwa. Kwa fundi aliyeishi kwa kupinda mataruma, hiyo haikuwa habari njema: ustadi wake ulikuwa umehamia kiwandani, kwenye msumeno na pipa la gundi. Kwa familia isiyokuwa na fundi wala karakana, ilimaanisha mashua iliyojengwa nyumbani, na mlango wa kuingilia mchezo uliokuwa wa wenye nacho.