Jinzi hupaukaje? Mawe, mchanga na jiki

Kwenye mitumba ya hapa Matsangoni, shati lililopauka huachwa chini ya turubai, lakini suruali ya jinzi iliyopauka hugombewa. Siri yake iko kwenye uzi. Jinzi hufumwa kwa nyuzi za mtande zilizotiwa nili na za mshindio zilizoachwa nyeupe. Nili yenyewe haifiki moyo wa uzi, hushika juu juu tu. Ukisugua, weupe wa ndani hutokeza, ndiyo maana mapaja na magoti hutangulia kupauka.

Viwanda havina subira hiyo. Tangu miaka ya 1970 nguo huzungushwa ndani ya mashine kubwa pamoja na mawe mepesi ya volkeno, jamaa ya lile jiwe la kusugulia visigino. Baadaye vikaja vimeng'enya vinavyolegeza uso wa pamba, kisha leza inayounguza rangi bila maji. Vile viraka vyeupe mara nyingi ni pamanganeti ya potasiamu iliyopuliziwa.

Njia mbaya kuliko zote ni kuipiga nguo mchanga kwa nguvu za hewa. Vumbi lake lina silika, ambayo hutia mapafu makovu, na ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba. Vijana waliofanya kazi hiyo Uturuki walikufa nao, hadi serikali yao ikaipiga marufuku mwaka 2009. Levi's na H&M walitangaza kuiacha mwaka 2010. Kwa hivyo huenda mtumba mkuukuu unaousifu ulipaushwa kwa pumzi za mtu.

Huku kwetu vijana hutumia jiki. Kama huna budi, izimue kwa maji mengi, fanyia uani penye upepo, vaa glavu, toa nguo mapema na uisuuze mara kadhaa, kwani jiki hula pamba hata baada ya rangi kutoka. Jinzi za kuvutika usizitie kabisa. Mpira wake hufa. Na usiichanganye na siki wala dawa ya choo yenye asidi. Hapo hutoka gesi ya klorini, na wapo wanaochanganya bafuni, mlango umefungwa, wakidhani ule ukali wa harufu ndio nguvu ya dawa! Ukianza kukohoa au macho kuwasha, acha ndoo hapo hapo, toka nje.

Mimi ningeianika tu juani, ikiwa mbichi, siku baada ya siku. Jua la Kilifi halidai senti.