Zamu

Mtandao ukisuasua, watu husema kuna foleni kwenye mnara. Neno hilo halitoshi. Foleni humhudumia aliyetangulia. Mnara wa 4G hugawa zamu, na huzigawa upya kila milisekunde 1. Simu huupasha mnara habari za ubora wa mawimbi, na katika mbinu inayotumika sana, mnara hulinganisha kasi ambayo simu ingepata sasa hivi na wastani ilioupata karibuni. Aliye chini ya mnara angeshinda daima, lakini wastani wake ukipanda, kipaumbele chake hushuka. Aliye nyuma ya ukuta mnene hupewa nafasi mawimbi yake yanapotengemaa kidogo. Naipenda hesabu hiyo kwa uadilifu wake. Wanaofundisha uhandisi kwa Kiswahili waiite upangaji zamu, neno ambalo walinzi na wauguzi wanalo tayari.