Tai Iliyobaki Baada ya Studebaker

Gari la 1953 haliingii kwenye droo. Tai inaingia. Ndiyo maana kuna mashabiki wa Studebaker, wengi wao Marekani, ambao hawana garaji wala pesa za spea, lakini wana tai zenye nembo ya kampuni hiyo, zimekunjwa vizuri ndani ya boksi. Usiwacheke bado.

Studebaker ilianza 1852 kama karakana ya uhunzi huko South Bend, Indiana, ya ndugu wawili, Henry na Clement. Walitengeneza mabehewa ya kukokotwa na farasi, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani, jeshi la Kaskazini likawa mteja mkubwa. Mwaka wa 1902 wakauza gari la umeme (eeh, la umeme, na sisi Nairobi tunadhani ni kitu kipya), kisha 1904 la petroli. Baadaye Raymond Loewy na timu yake wakayapa magari yao sura ambayo mpaka leo inafanya watu wageuze shingo.

Sasa turudi kwa tai. Umri wake unausoma kwa upana. Zile za miaka ya 1940 ni pana, zina rangi za kelele. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1960 zimekonda kama utepe. Miaka ya 1970 zinanenepa tena. Kwa hivyo ukiuziwa tai pana ya poliesta ya miaka ya 1970 yenye jina Studebaker, jua imeshonwa kampuni ikiwa imeshaacha kuunda magari: gari la mwisho lilitoka kiwandani Hamilton, Kanada, Machi 1966. Hiyo ni tai ya matanga. Mimi binafsi naipenda zaidi ya zile za kweli.

Lakini kuna jambo linanikwaza. Tai huvaliwa na muuzaji wa shoorum na meneja. Fundi wa kiwandani alivaa ovaroli, na ovaroli huvaliwa mpaka igeuke kitambaa cha kupangusia grisi. Kwa hivyo kinachokusanywa leo ni shingo za wale waliokuwa mbele ya kaunta.

Tarehe 9 Desemba 1963, siku tatu kabla bendera yetu kupandishwa, Studebaker ilitangaza kwamba inafunga kiwanda cha South Bend. Mfuko wa pensheni haukuwa na pesa za kutosha. Waliokuwa wamestaafu, na waliofikisha miaka 60, walilipwa haki yao yote. Wafanyakazi kama 4,000 wa kati ya miaka 40 na 59, waliotumikia angalau miaka kumi, wakapata takriban senti 15 kwa kila dola waliyostahili. Wengine hawakupata kitu. Hebu fikiria: umefunga nati tangu ujana, una miaka 59, unaambiwa chukua hizo senti uende.

Kisa hicho kilitajwa tena na tena huko Washington, hadi Septemba 1974 Rais Ford (jina tu, si lile gari) alipotia saini sheria ya kulinda pensheni, iliyounda pia shirika la bima la kuwalipa wafanyakazi mfuko wao ukianguka.

Basi ukikutana na tai ya Studebaker, igeuze. Angalia pale fundo linapokaa. Kama hariri imechakaa hapo, iliwahi kwenda kazini.