Mwaka 500 wa Kizimkazi: Tarehe Moja katika Kalenda Mbalimbali

Katika ukuta wa kibla wa msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, pamechongwa maandishi ya Kiarabu, kwa hati ya Kikufi, yanayoutaja ujenzi wake: Jumapili, mwezi wa Dhulkaada, mwaka 500 wa Hijra. Ushahidi wa kale wa namna hii ni adimu katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Kwa hiyo kosa la kuifasiri tarehe hiyo huipotosha historia inayojengwa juu yake.

Kosa lenyewe ni jepesi kutendeka. Hijra ilitukia mwaka 622 wa Miladi. Ajumlishaye 622 na 500 hupata 1122. Lakini mwaka wa Hijra hufuata mwezi, nao una siku 354 au 355, yaani pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Katika karne tano upungufu huo hufikia miaka 15. Kwa hesabu sahihi, mwaka 500 ulianza tarehe 2 Septemba 1106 ukaisha 21 Agosti 1107. Kwa kuwa uligusa miaka miwili ya Miladi, mwezi ndio ukatao shauri: Dhulkaada, ambao Waswahili huuita Mfunguo Pili, uliangukia Juni na Julai 1107.

Miezi hiyo hiyo, kwa Wakopti wa Misri ilikuwa ya mwaka 823 wa Mashahidi. Kwa Wahabeshi, 1099. Kwa Wayahudi, 4867. Hata tarehe za Miladi zilizotajwa ni za kalenda ya Julius Caesar; kwa ile ya Papa Gregori, iliyoanza 1582, zingesogea mbele siku 7.

Pwani nayo ina mwaka wa jua, Nairuzi, wenye siku 365 zihesabiwazo kwa miongo, yaani makumi, kwa ajili ya kilimo na safari za baharini. Sherehe yake, Mwaka Kogwa, huadhimishwa Makunduchi, si mbali na Kizimkazi. Hata hivyo, mchongaji alitumia Hijra, hesabu iliyoufungamanisha msikiti huo na umma mzima wa Kiislamu.

Funzo hili lawahusu pia wachunguzi wa miswada. Nakala ya Utendi wa Tambuka yenye mwaka 1141 wa Hijra aghalabu husemwa kuwa ya 1728, ilhali mwaka huo uliendelea hadi Julai 1729. Inafaa basi tarehe ya asili itangulizwe daima, na tafsiri yake ifuate.