Nyuki Walaghai na Mwenye Bucha: Nani Hasa Aliusifu Ubinafsi?

Mwanafasihi akisikia jina la Adam Smith hufunga daftari. Huyo ni wa wachumi, waachie wenyewe. Makala haya yanadai kwamba tumewaachia mtu wetu. Kabla hajawa mchumi, Smith alikuwa mwalimu wa balagha na fasihi: alitoa mihadhara ya somo hilo mjini Edinburgh kuanzia 1748, na alipopata kazi Chuo Kikuu cha Glasgow mwaka 1751 aliendelea nalo. Isitoshe, moja ya chemchemi kubwa za mabishano yale kuhusu ubinafsi na soko huria ilikuwa ni shairi. Ndiyo, shairi, tena la nyuki.

Lilitoka London mwaka 1705 kama kijitabu cha bei rahisi, bila jina la mtunzi. Mtunzi alikuwa Bernard Mandeville, daktari Mholanzi aliyehamia Uingereza. Kisa chenyewe ni hiki. Kuna mzinga wenye neema tele, lakini umejaa walaghai. Mawakili wanachochea kesi ili wapate ulaji, madaktari wanajali ada kuliko mgonjwa, wafanyabiashara wanapunja. Na kila nyuki mwizi analalamikia wizi wa mwenzake! Mwishowe mungu wao anachoshwa na kelele, anawapa uaminifu wote kwa siku moja. Basi, mambo yakaharibika. Mahakama zikakosa kesi, mafundi wa makufuli wakakosa kazi, anasa zikaachwa na waliokula kwa kuzitengeneza wakalala njaa. Nyuki wachache waliosalia wakahamia katika pango la mti, waadilifu na maskini.

Kifani ni tashihisi iliyochanganywa na kejeli, kitu ambacho msomaji aliyekulia kwenye ngano za sungura na fisi hahitaji kufafanuliwa. Kimaudhui ndipo penye moto: uovu wa mmoja mmoja ndio neema ya wote. Mwaka 1714 Mandeville alilichapa tena shairi pamoja na maelezo marefu ya nathari, kitabu kikaitwa The Fable of the Bees. Mwaka 1723 akaongeza insha ya kupinga shule za hisani zilizokuwa zikifundisha watoto wa maskini. Hoja yake haikuzunguka: taifa linahitaji umati wa watu wa kazi ngumu, na mtoto wa kibarua ukimfundisha kusoma ataidharau kazi hiyo. Baraza la mashtaka la Middlesex likakitaja kitabu kuwa ni kero kwa umma. Matokeo yake, bila shaka unayajua, kikanunuliwa zaidi.

Mwaka huohuo wa 1723 Smith alizaliwa, mji wa Kirkcaldy, Uskoti. Kitabu chake cha kwanza, The Theory of Moral Sentiments cha 1759, kinaanza na dai kwamba binadamu hata tumdhanie kuwa mchoyo kiasi gani, kuna kitu katika maumbile yake kinachomfanya ajali hali za wenzake. Mbele zaidi anamshughulikia Mandeville kwa jina. Kosa la daktari huyu, anasema Smith, ni kuita kila tamaa uovu. Mtu anavaa shati safi, eti ni anasa. Anatamani heshima anayoistahili, eti naye ni yuleyule anayetaka sifa za bure. Ukishaupanua uovu mpaka ukaingiza na shati safi, kudai kwamba jamii inaishi kwa uovu si kazi. Ni mchezo wa maneno, na mwalimu wa balagha aliuona.

Sasa tuje kwenye kile kifungu maarufu cha The Wealth of Nations (1776), cha mwenye bucha, mpika pombe na mwoka mikate, ambao hawatupi chakula kwa hisani bali kwa kuangalia maslahi yao. Wengi huishia hapo, kama mtu anayesoma beti moja akaandika tahakiki ya diwani. Hebu tusome kabla na baada. Kabla yake Smith anazungumzia mbwa: hakuna aliyepata kuona mbwa wawili wakibadilishana mifupa kwa mapatano. Baada yake anamleta ombaomba, ambaye ndiye pekee anayechagua kutegemea zaidi huruma za watu. Mandhari nzima ni ya kusema na kushawishi. Katika mihadhara yake ya sheria pale Glasgow alikwenda mbali zaidi: kumtolea mtu shilingi, alisema, ni kumtolea hoja. Yeyote aliyewahi kupatana bei ya kitenge anaelewa.

Hapa Kiswahili chetu nacho kinatuponza. Tunasema Smith alitetea ubinafsi. Kwa kizazi kilicholelewa na Azimio la Arusha la 1967, ubinafsi ni tusi, ndugu wa unyonyaji. Smith kwenye bucha alizungumzia kujipenda, na mtu kuangalia maslahi yake. Tofauti si ndogo. Tanzania ilipokubaliana na IMF mwaka 1986 na neno soko huria likazagaa, waliolishangilia na waliolilaani walikuwa mara nyingi wakimrudia Mandeville chini ya jina la Smith.

Lakini tusimtakase mno. Smith mwenyewe alikiri kwamba Mandeville asingewapumbaza wengi hivyo kama maneno yake yasingepakana na ukweli. Na ule mkono usioonekana, ambao umo mara moja tu katika kila kimoja cha vitabu hivi viwili, katika kile cha 1759 unafanya kazi inayonuka mzinga: tajiri mchoyo, kwa anasa zake, anajikuta akiwagawia maskini riziki bila kukusudia. Hapo sioni utetezi.

Panapowatenganisha kabisa ni kwa mtoto wa kibarua. Smith aliyesifia kiwanda cha pini, watu kumi wakitengeneza pini zaidi ya 48,000 kwa siku, ndiye aliyeandika katika kitabu hichohicho kwamba mtu anayerudia vitendo viwili vitatu maisha yake yote hudumaa akili. Soko halitamponya. Akapendekeza kila parokia iwe na shule ndogo, kwa ada ambayo hata kibarua wa kawaida ataimudu, na umma ulipe sehemu ya mshahara wa mwalimu. Mandeville alitaka mtoto yuleyule aachwe gizani kwa faida ya taifa.

Smith alimaliza maisha yake akiwa kamishna wa forodha Uskoti, mtetezi wa biashara huria akisimamia ushuru! Siku chache kabla ya kufa, Julai 1790, aliwataka rafiki zake wachome maandishi yake karibu yote, wakayachoma. Mihadhara ya fasihi ikadhaniwa imepotea. Mwaka 1958 msomi mmoja, John Lothian, alinunua mnadani huko Aberdeen madaftari ya zamani, na ndani yake ikawamo mihadhara hiyo kama ilivyotolewa Glasgow mwaka 1762 na 1763. Ilikuwa imeandikwa na wanafunzi.