Waliofichwa Wasifichwe Tena

Mwaka 1872 daktari kijana wa Marekani, George Huntington, aliandika makala fupi kuhusu ugonjwa aliouona tangu utotoni, alipofuatana na baba yake kuwatembelea wagonjwa huko Long Island. Alikuwa na umri wa miaka 22. Baba yake na babu yake walikuwa madaktari mahali hapo hapo, hivyo alijua habari za vizazi kadhaa. Alitaja mambo matatu: ugonjwa hurithiwa, humpata mtu akiwa mtu mzima, na huambatana na kuvurugika kwa akili, hata wengine hujiua.

Basi tangu mwanzo ilijulikana kwamba ugonjwa huu adimu hauutesi mwili peke yake. Hata hivyo, zaidi ya miaka mia moja ilipita kabla wataalamu hawajakubaliana jinsi ya kuilinda nafsi ya anayepimwa.

Aibu ilichangia kucheleweshwa huko. Mgonjwa wa Huntington hurukaruka viungo bila kukusudia, huyumba anapotembea, na tabia yake hubadilika. Kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuurithi. Familia nyingi ziliamua kuwaficha wagonjwa wao. Mwimbaji mashuhuri Woody Guthrie alidhaniwa mlevi kabla ugonjwa wake haujatambuliwa. Mama yake alikuwa amefia katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Woody alipofariki mwaka 1967, Marjorie, aliyezaa naye watoto, alianzisha chama cha familia zenye ugonjwa huo. Ukimya ukaanza kuvunjika.

Mwaka 1983, kwa msaada wa damu iliyotolewa na familia maskini za kando ya Ziwa Maracaibo, Venezuela, watafiti waligundua sehemu ya vinasaba inakokaa kasoro hiyo. Miongoni mwao alikuwa Nancy Wexler, mwanasaikolojia ambaye mama yake aliuawa na ugonjwa huo. Mwaka 2020 alitangaza kwamba naye anao.

Ugunduzi huo ulileta swali zito. Sasa kijana mwenye afya angeweza kuambiwa kwamba ataugua, na dawa ya kumponya haikuwepo, wala haipo hadi leo. Je, ukweli wa namna hiyo usingeweza kumvunja mtu? Mwaka 1994 vyama vya familia na wataalamu wa ubongo walitoa mwongozo wa pamoja: asilazimishwe mtu kupimwa, apewe kwanza ushauri nasaha na muda wa kutafakari, aje na mwenzake anayemwamini, na baada ya majibu asiachwe peke yake. Hivyo kuitunza nafsi kukawa sehemu ya kipimo chenyewe.

Tumejifunza pia kwamba sonona na hasira za wagonjwa hawa mara nyingi hutokana na ubongo wenyewe kuharibika. Si uhaba wa imani, na mara nyingi zinatibika. Tukimwambia mgonjwa wa namna hiyo aombe zaidi bila kumsindikiza hospitali, tunamwongezea mzigo.

Tarehe 18 Mei 2017 Papa Fransisko alizipokea Vatikano familia zenye ugonjwa huu kutoka nchi mbalimbali, zikiwemo za Amerika ya Kusini, katika mkutano uliobeba wito kwamba wasifichwe tena. Wagonjwa walioishi vyumba vya nyuma walikumbatiwa mbele ya watu.

Katika Injili ya Yohane, wanafunzi walipomwona kipofu tangu kuzaliwa walitaka kujua dhambi ilikuwa ya nani, yake au ya wazazi wake. Bwana alikataa swali lenyewe, akamhudumia mtu. Naye Eliya alipochoka kuishi, malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akarudi mara ya pili.

Katika jumuiya zetu ndogo ndogo wapo wenye magonjwa ambayo hata majina yake hatuyajui, na wapo wanaowauguza usiku kucha. Hatuwezi kuwa madaktari wao. Tunaweza kuacha kunong'ona, kuwafikisha kwa wanaojua kutibu mwili na akili, kumpumzisha mwuguzaji walau kwa siku moja, na kurudi mara ya pili.